Ukinzani wa kimya katika riwaya za distopia

Distopia ni hadithi ya jamii ya kubuni ambamo maisha yamegeuka kifungo. Pingu si lazima; mara nyingi watawala huanza na kumbukumbu za watu. Katika riwaya ya George Orwell ya 1949, kazi ya Winston Smith ni kuandika upya magazeti ya zamani, ionekane serikali haijapata kukosea. Uasi wake anauanzia kwenye daftari: anaandika shajara kwa siri. Kumbukumbu ikitunzwa hivyo, bila kelele wala jiwe, ndiyo tunaita ukinzani wa kimya.

Sisi wa visiwani, nadhani, riwaya ya Mjapani Yoko Ogawa ya 1994 itatugusa zaidi. Inatokea kisiwani, na kisiwa hakitajwi jina. Vitu vinatoweka kimoja kimoja: manukato, ndege, mawaridi. Feri nayo. Hebu fikiri umeamka Mkoani, Pemba, hakuna tena meli ya kwenda Unguja, na baada ya siku chache hakuna hata anayeiulizia. Wachache wasiosahau husakwa na polisi nyumba kwa nyumba. Mama wa msimulizi, mchongaji, alificha baadhi ya vitu vilivyotoweka kwenye droo. Msimulizi naye anamficha mhariri wake katika chumba cha siri.

Kutoweka kwa kitu peke yake hakutoshi kufanya distopia. Dukani leo mchele unapimwa kwa kilo, lakini ikikaribia Idi ukiuliza zakatul-fitri utaambiwa pishi, na wazee watakuongezea kuwa pishi ni vibaba vinne. Kipimo kimepungua matumizi, jina lipo, na hakuna aliyekamatwa kwa kulitaja. Kwa Ogawa, kitu kikitoweka, hata maana yake huwatoka watu moyoni, na anayeendelea kuijua yumo hatarini.

Najua wako watakaosema: basi hata kanga ni ukinzani wa kimya. Mimi naona hapana, au si kwa maana hii. Kanga yenye fumbo huvaliwa ili jirani aisome, tena akiisoma na roho ikamuuma ndiyo raha yenyewe. Droo za yule mchongaji hazikuwa za kusomwa na jirani. Alikuwa akizifungua kwa binti yake tu, akimtajia jina la kila kitu.