Moyo haugawanyiki, lakini topoisomerasi unayo

"Dokta, si mlisema hii dawa nyekundu inaua seli zinazogawanyika tu? Sasa eko ya moyo ya nini?" Mama aliyeniuliza hivyo kuhusu doksorubisini, dawa ya saratani, na eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, ana haki. Walionichosha ni vijana wetu wa mafunzo, maana jibu lao ni lilelile: "Utaratibu tu, mama."

Nyuma ya jibu hilo kuna dhana pungufu kwamba topoisomerasi, kimeng'enya ambacho dawa hii hukilenga, hufungua msokoto wa DNA wakati seli inajigawa, kisha inalala.

Shuka soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, omba kipande cha kamba iliyosokotwa kwa nyuzi mbili. Funga ncha zote, pitisha kijiti katikati ya nyuzi, kisukume upande mmoja. Mbele kamba inakaza mpaka inajipinda vifundo. Nyuma inalegea, nyuzi zinaachana. RNA polimerasi, kimeng'enya kinachosoma jeni, ikipita kwenye DNA inafanya hivyohivyo, na Liu na Wang walilieleza jambo hili mwaka 1987. Mbele pakikaza mno, usomaji unakwama. Nyuma palipolegea, DNA hufunguka kirahisi, hata mwanzo wa jeni la jirani. Topoisomerasi hukata uzi mmoja (aina ya I) au zote mbili (aina ya II), hupunguza mkazo, kisha huunga. Kwa hiyo haifungui njia tu. Ina sauti katika jeni lipi lisomwe na kwa kasi gani. Ukiizuia, jeni ndefu ndizo husomwa pungufu zaidi.

Na jeni husomwa kila siku, seli igawanyike isigawanyike. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima hugawanyika kwa nadra sana, lakini zina topoisomerasi II ya beta. Ile ya alfa ndiyo ya seli zinazoongezeka. Doksorubisini haichagui: huzinasa zote mbili DNA ikiwa bado imekatwa. Mwaka 2012 watafiti waliiondoa beta kwenye mioyo ya panya, na dawa hiyo haikuidhuru mioyo hiyo kama ya wenzao.

Basi mama, eko kwanza, dripu baadaye. Na daftari lako lioneshe jumla ya dozi zote ulizowahi kupata, hata za hospitali nyingine, kwa sababu madhara ya moyo hufuata jumla. Hapo sibembelezi mtu.

Mengine niyamalize haraka. Topoisomerasi haibadilishi herufi za DNA. Ikimaliza kazi yake vizuri, mfuatano unabaki uleule. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, hushambulia jairesi, yaani topoisomerasi mojawapo ya bakteria, na sisi hatuna jairesi. Virusi vya mafua navyo havina, kwa hiyo acheni kuinunua kila mkikohoa.

Mkojo mwekundu siku moja au mbili baada ya dripu ni rangi ya dawa. Ukiendelea baada ya hapo, au ukitoka na mabonge, njoo usiku huohuo.