Kilo 140 za Kazi: Maswali na Majibu Kuhusu Miili ya Wachezaji wa Mstari wa NFL

Wachezaji wa mstari ni akina nani, na kwa nini ni wakubwa kuliko wenzao?

Katika mpira wa Marekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili, ambao ligi yake kuu ni NFL, wanaume watano wa mstari wa mashambulizi hupangwa mbele ya kwotabeki, mrushaji mkuu wa timu. Kazi yao ni kumkinga asifikiwe, au kumfungulia njia anayekimbia na mpira. Ukimwondoa senta, anayeuanzisha mchezo, wengine wanaweza kumaliza mechi bila kuugusa mpira. Mbele yao wanasimama watatu au wanne wa mstari wa ulinzi. Wanakumbana mara sitini au sabini kwa mechi, kila pambano likidumu sekunde chache.

Katika pambano la karibu hivyo, uzito ni nyenzo. Ila mzito asiyejua kushusha nyonga huinuliwa na mwepesi aliyeingia kwa chini, ndiyo maana makocha wao hukazania mapaja na kiuno kuliko mikono.

Miaka ya 1970 mchezaji wa mstari wa mashambulizi alikuwa na kilo 115 hivi. Leo wastani unakaribia 140. Mwaka 1985 William Perry wa Chicago Bears, mwenye kilo 150 hivi, alikuwa kioja hata akabandikwa jina la Friji. Siku hizi Jordan Mailata wa Philadelphia Eagles ana kilo kama 165 na urefu wa sentimita 203, na watu wanazungumzia miguu yake myepesi. Sheria nazo zilichangia: mwaka 1978 wazuiaji waliruhusiwa kunyoosha mikono na kufungua viganja, na tangu hapo mwili mpana wenye mikono mirefu ukawa na soko.

Basi miili hiyo ni ya dawa?

Dawa zimo katika historia yake, hilo halina ubishi. Mwaka 1963 wachezaji wa San Diego Chargers walikuwa wakipewa kambini vidonge vya Dianabol, aina ya steroidi, yaani dawa za kujenga misuli zinazoiga homoni ya kiume, chini ya kocha wa nguvu Alvin Roy. Mwaka 1985 Steve Courson, aliyecheza mstari wa mashambulizi Pittsburgh Steelers, alikiri hadharani kwamba alitumia steroidi. NFL ilianza kupima mwaka 1987, na kufungia wachezaji mwaka 1989.

Lakini baada ya vipimo kuanza, uzito uliendelea kupanda. Wako wanaokwepa vipimo, sawa. Hata hivyo angalia hesabu hii: mtu wa kilo 140 mwenye mafuta asilimia 25 amebeba kilo 35 za mafuta. Steroidi hazijengi mafuta. Sahani ndiyo inayoyajenga. Wengi wao hula zaidi ya kalori 5,000 kwa siku, wakila hata bila njaa, kwa sababu mizani ni sehemu ya ajira. Ongeza kwamba timu huwachagua vijana waliozaliwa na mifupa mipana na urefu wa karibu mita mbili. Kwa maoni yetu, anayeuliza habari ya sindano peke yake ameanza na swali dogo.

Steroidi zinaongeza misuli kiasi gani hasa?

Jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lilitoa jibu safi. Wanaume wazima walichomwa miligramu 600 za testosteroni, homoni ya kiume, kwa wiki, kwa wiki 10. Hiyo ni kama mara sita ya dozi ya matibabu. Waliochomwa na kunyanyua vyuma waliongeza kilo 6 hivi za mwili usio mafuta. Waliochomwa bila mazoezi waliongeza kilo 3. Walionyanyua vyuma huku wakichomwa sindano isiyo na dawa waliongeza kama kilo 2. Kwa hiyo zinafanya kazi, na anayemwambia kijana wa jimu kwamba ni uongo mtupu atapuuzwa hata atakapomweleza madhara.

Madhara yenyewe yanakujaje?

Ubongo ukikuta testosteroni imejaa kwenye damu, huacha kuziamuru korodani. Korodani husinyaa na mbegu za kiume hupungua au kutoweka kabisa. Sehemu ya homoni iliyozidi hugeuzwa mwilini kuwa estrojeni, homoni ya kike, na chini ya chuchu huota tishu ya matiti. Chembe nyekundu huongezeka hadi damu kuwa nzito: hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikivuka asilimia 54, hatari ya damu kuganda ni ya kushughulikiwa mara moja. Kolesteroli nzuri hushuka, mbaya hupanda, na kuta za moyo hunenepa. Vidonge vya kumeza huliumiza ini zaidi ya sindano. Misuli hupata nguvu haraka kuliko kano zinazoishikilia, hivyo kano hukatika. Kwa kijana ambaye bado anarefuka, ncha za mifupa hufunga mapema na urefu huishia hapo.

Courson aligunduliwa kuwa na moyo uliotanuka na kudhoofika, akawekwa kwenye orodha ya kupandikizwa moyo; baadaye alipata nafuu kwa lishe na mazoezi. Lyle Alzado, wa mstari wa ulinzi, alifariki mwaka 1992 akiwa na miaka 43 kwa saratani ya ubongo, akiamini steroidi ndizo zilizomuua. Uhusiano huo haukuthibitishwa kitabibu, na si vizuri kumtumia kama ushahidi wakati madhara ya moyo yanajulikana vizuri zaidi.

Virutubisho vya dukani ni salama?

Kreatini, unga wa kuipa misuli nguvu, gramu 3 hadi 5 kwa siku, ina ushahidi mzuri kwa mtu mzima mwenye figo nzima; kilo moja au mbili za mwanzo ni maji ndani ya misuli. Protini ya gramu 1.6 hadi 2.2 kwa siku kwa kila kilo ya mwili inatosha, na maharage, mayai, dagaa na maziwa huifikisha. Anayezidi kilo 100 kwa sababu ya kitambi asizidishe kwa uzito wote. Apige hesabu kwa uzito anaoulenga.

Hatari ni kile kisichoandikwa kwenye kopo. Mwaka 2008 Kevin Williams na Pat Williams, wa mstari wa ulinzi wa Minnesota Vikings, walikutwa na bumetanidi, dawa kali ya kukojoza. Walikuwa wametumia vidonge vya kupunguza uzito viitwavyo StarCaps, na lebo haikuitaja dawa hiyo. NFL hukataza dawa za kukojoza kwa sababu huzimua mkojo na kuficha vitu vingine. Nje ya michezo, dawa hiyo huporomosha potasiamu, na moyo ukakosa mpigo wake.

Ukubwa wenyewe, bila dawa, una hatari?

Ndiyo, na hapa ndipo penye uzito wa habari. Uchunguzi wa serikali ya Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulifuatilia wachezaji 3,439 waliocheza NFL kati ya 1959 na 1988. Kwa jumla waliishi muda mrefu kuliko wanaume wengine. Lakini wa mstari wa ulinzi walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 42 zaidi ya wanaume wa kawaida, na waliocheza wakiwa na BMI (kilo za mtu zikigawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 30 au zaidi walikuwa na hatari maradufu ya wenzao. Mtu wa kilo 140 na sentimita 195 ana BMI ya karibu 37.

Usiku nako kuna shida. Shingo inayozidi sentimita 43, mkoromo mzito na usingizi wa mchana ni dalili za kukatika pumzi usingizini, hali inayopandisha presha. Na presha ya mtu mwenye mkono mnene ipimwe kwa kitambaa kipana; kile cha kawaida husoma juu kuliko hali halisi.

Kwa nini joto huwaua?

Mwili mnene huzalisha joto jingi na huwa na ngozi ndogo ya kulitolea, ukilinganisha na uzito. Korey Stringer wa Vikings, kilo 152 hivi, alianguka mazoezini mwaka 2001 na kufariki siku iliyofuata; joto lake lilipimwa nyuzi 42.7.

Mchezaji akianza kuongea ovyo au kupepesuka kwenye joto, usisubiri ngozi ikauke. Wa mazoezini mara nyingi bado anatoka jasho. Mtumbukize kwenye beseni au pipa la maji yenye barafu hadi kifuani, kichwa kikishikiliwa juu, na maji yakorogwe. Mwache humo hadi joto lishuke kufikia nyuzi 39. Bila kipimajoto, dakika 10 hadi 15. Apoe kwanza, kupelekwa hospitali baadaye.

Nimetumia steroidi miezi kadhaa. Nianzie wapi?

Kwa daktari, ukimtajia kila ulichotumia. Pima testosteroni asubuhi kabla ya saa nne, picha kamili ya damu, kolesteroli, ini, figo na moyo kwa mashine ya mwangwi. Ukishirikiana sindano au kichupa na mwingine, pima VVU na homa ya ini B na C. Pumzika vyuma siku chache kabla ya vipimo, kwa maana mazoezi mazito hupandisha vimeng'enya ambavyo huonekana kama ini limeumia, na misuli mingi au kreatini hupandisha kreatinini, kipimo cha figo kwenye damu, kana kwamba figo zimechoka. Homoni zako zinaweza kuchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, kurudi. Unyonge mkubwa ni wa kawaida kipindi hicho. Wazo la kujiua ni dharura, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Wakistaafu hupunguaje?

Kwa kuacha kula bila njaa, hasa. Alan Faneca, gadi (nafasi ya mstari wa mashambulizi) wa zamani wa Steelers, alipunguza zaidi ya kilo 45 na mwaka 2014 akamaliza mbio za marathoni za New Orleans chini ya saa nne. Wewe usiye na timu ya madaktari, chukua uzi wenye urefu wako, ukunje katikati, uuzungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, anza na sahani ya usiku.