Kabla ya wingu, seva ya tatu

Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na miezi michache baadaye ikashuka hadi karibu 130. Waliokuwa wakikodi seva Ulaya na Marekani waliona bili ikipanda na kushuka ingawa hawakuongeza hata faili moja. Mei mwaka huohuo nyaya za EASSy na Seacom zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kuchechemea. Simu ninazopigiwa na sacco, shule na zahanati za hapa Kisumu siku hizi zina ombi lilelile: tujengee wingu letu wenyewe, kwenye seva zetu.

Nakubali, ila nina sharti: seva ziwe tatu. Mteja huwa ametenga pesa za moja kubwa, au mbili akijikaza. Mimi ni heri nipewe tatu ndogo zilizokwisha kutumika kuliko mbili mpya za kung'aa.

Programu yenyewe haina mjadala mrefu. Natumia Proxmox VE, programu huria iliyojengwa juu ya Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux. Ndani yake kuna KVM, ambayo imekuwa sehemu ya kerneli (kiini) ya Linux tangu 2007, na kazi yake ni kuendesha mashine pepe: seva moja ya chuma inabeba seva kadhaa za kufikirika, kila moja na mfumo wake. Juu ya hizo utaweka Nextcloud ya mafaili, hifadhidata ya uhasibu, na kadhalika. Wapo watakaokushauri OpenStack, programu ya kujengea wingu la seva nyingi. Ni kazi nzuri, ilianzishwa 2010 na NASA pamoja na kampuni ya Rackspace, na CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, wanaitumia. Lakini kuiweka kwenye ofisi yenye seva tatu na fundi mmoja ni kukodi trela kwenda Dunga kubeba debe moja la omena.

Sasa kuhusu hiyo tatu. Chukua seva mbili zilizounganishwa kuwa klasta. Programu iitwayo Corosync inazifanya ziulizane hali kila mara. Kila seva ina kura moja, na hakuna uamuzi unaopita bila zaidi ya nusu ya kura, yaani bila akidi. Siku moja swichi iliyo katikati inazimika. Seva ya kwanza haisikii tena sauti ya mwenzake, na haina njia ya kujua kama mwenzake amekufa au yuko hai ila waya tu ndio umekatika. Ikidhani amekufa na kuwasha mashine ya uhasibu kwake, huku ile nyingine bado inaiendesha, mtakuwa na daftari mbili za sacco moja. Dirisha la kwanza linaandika akiba kwenye hii, dirisha la pili linatoa mikopo kwenye ile. Kuzipatanisha baadaye ni kazi ya kumtoa mhasibu machozi.

Kwa hofu hiyo, Proxmox ikikosa akidi inafunga mipangilio yake. Mashine zilizokuwa zikiendelea zinaendelea, lakini huwezi kuwasha nyingine wala kubadilisha kitu. Na kama uliiagiza ihamishe mashine pepe bila kusubiri fundi pakitokea hitilafu, seva iliyobaki peke yake hujizima na kujiwasha upya baada ya kama dakika moja, ili isije ikashikilia kitu ambacho mwenzake ameshakichukua. Katika klasta ya seva mbili iliyopangwa hivyo, kifo cha moja kinaiangusha na ya pili. Umelipa mara mbili, ukapata kitu dhaifu kuliko seva moja.

Zikiwa tatu, wingi ni kura mbili. Moja ikifa, mbili zinakubaliana na kazi inaendelea. Kama pesa haitoshi kabisa, ya tatu inaweza kuwa kompyuta ndogo tu, hata Raspberry Pi, isiyobeba mashine yoyote ila kupiga kura. Proxmox huiita QDevice. Hiyo haijali umbali sana, kwa hiyo unaweza kuiacha Nakuru au Nairobi. Seva kamili za klasta ndizo zisizovumilia: Corosync inataka majibu ndani ya milisekunde 5 hivi. Mteja akiniambia moja ikae Kisumu na nyingine Nairobi ziwe klasta moja, namkatalia hapohapo.

Jambo moja kuhusu seva za mitumba, kwa kuwa mara nyingi hazikutengenezwa mwaka uleule. Mpangilio wa aina ya prosesa ukiuweka «host», mashine pepe inaona prosesa halisi ya chuma iliyomo, na ukiihamisha ikiwa hai kwenda kwenye seva ya kizazi tofauti inaweza kuanguka. Chagua aina ya pamoja ambayo seva zote tatu zinaielewa. Utapoteza kasi kidogo.

Diski sasa. Vijana waliotoka kusoma wanapenda Ceph, programu inayosambaza data kwenye diski za seva zote, na mimi naipenda pia, pale mtandao unapotosha. Ceph kwa kawaida huweka nakala tatu za kila kitu, kwa hiyo terabaiti 12 za diski zinakuwa 4 za kutumia, na kila unachoandika lazima kisafiri hadi seva nyingine kabla ya kuthibitishwa. Swichi ya gigabiti moja inapitisha megabaiti 125 kwa sekunde ikijitahidi sana, wakati SSD (diski ya kielektroniki) ya kawaida ya SATA inafika 500. Bila mtandao wa gigabiti 10, tumia ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, kwenye kila seva na uiagize inakili mashine kwenda kwa jirani kila dakika 15. Fahamu tu kwamba seva ikifa ghafla, kilichoandikwa tangu unakili wa mwisho kimekwenda. Kwa mafaili ya shule hilo linavumilika. Kwa daftari la sacco halivumiliki, kwa hiyo hifadhidata yake, PostgreSQL, iwe na unakili wake yenyewe, wa muamala kwa muamala.

Na kuna stima. Agosti 25, 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, lakini kinachoua vifaa huku kwetu zaidi ni radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo nyingi duniani, na alasiri ya Aprili hapa haihitaji maelezo. Kebo ya shaba kutoka jengo hadi jengo ni mwaliko kwa radi. Baina ya majengo naweka faiba, ambayo haipitishi umeme. Nataka waya wa ardhini uliopimwa na fundi wa stima, na SSD zenye kapasita za kuhifadhi chaji, ili stima ikikatika ghafla kilichokuwa njiani kifike kwenye diski.

UPS, yaani betri ya akiba ya seva, iongee na seva kupitia programu ya NUT, ili betri ikikaribia kuisha mashine zizimwe kwa utaratibu. Na betri hizo za risasi na asidi zisikae kwenye chumba chenye joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa nusu. Piga hesabu ya matumizi pia. Seva tatu za zamani zinazokula wati 150 kila moja ni yuniti 324 kwa mwezi, bila kuhesabu kiyoyozi. Zidisha na bei ya tokeni zako. Kompyuta ndogo za wati 30 zingekula yuniti 65 hivi.

Kuingia kutoka nje: laini nyingi za nyumbani na ofisi ndogo hazina anwani ya umma, yaani ya kufikiwa moja kwa moja kutoka intaneti. Ukiona ruta yako imepewa anwani inayoanzia 100.64 hadi 100.127, mko wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Kodi seva ndogo yenye anwani yake, uiunganishe na klasta kwa WireGuard, programu ya njia ya siri juu ya intaneti.

Unakili wa dakika 15 si bakapu. Karani akifuta folda, au mdukuzi akiifunga kwa msimbo, jirani naye atapokea folda iliyofutwa au kufungwa. Proxmox Backup Server inaweka nakala za siku nyingi bila kurudia data iliyo sawa, na kuzifunga kwa msimbo kabla hazijaondoka. Iweke mji mwingine, Kakamega inatosha. Kisha Jumamosi moja, ofisi ikiwa imefungwa, ng'oa waya wa stima wa seva moja bila kuiaga, utazame mashine zikihama, halafu urudishe hifadhidata nzima kutoka Kakamega kwenda kwenye mashine tupu na umwite mhasibu alinganishe salio. Kabla ya zoezi hilo mimi hunikuti nikitia sahihi ya kukabidhi kazi.