Maji Meupe Pee Kutoka Mgodini Si Lazima Yawe Salama

Mtu anayeishi jirani na mgodi akiona maji yamejipenyeza shambani, huyachota kwenye glasi na kuyatazama. Yakiwa hayana rangi wala harufu, anapumua. Hapo ndipo kosa lilipo. Aseniki, sumu ya asili iliyomo kwenye baadhi ya mawe, ikiwa majini haionekani, hainuki, haina ladha. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, sumu inabaki palepale. Tena maji yenye asidi, yanayotokea pale mawe yenye salfaidi (madini yenye salfa) yanapokutana na hewa na mvua, wakati mwingine hung'aa kuliko ya kisima.

Kwa hiyo pima. Chukua sampuli juu na chini ya mahali panapovuja, pamoja na udongo, kwenye chupa safi kutoka maabara. Andika saa na mahali, na shahidi awepo. Kikomo cha aseniki cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, kiasi ambacho hakuna jicho litakaloking'amua.

Wala msiseme malalamiko hayafiki popote. Mwaka 2019 NEMC, baraza la taifa la mazingira la Tanzania, iliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara, Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya uchenjuaji wa madini.