Acheni kumpa mganga pointi za uchawi

Kila kundi jipya linalotunga mchezo wa dadu wa kuigiza wahusika, wenye sura ya Kusini, huleta karatasi ileile ya mhusika mganga: pointi 10 za uchawi, anarusha moto, akilala zinarudi zote, na kwenye vifaa kaandikiwa kinyago cha mapiko. Uliza anatofautiana vipi na mchawi wa klasi (aina ya mhusika) ya kawaida, utaambiwa ana tunguri. Nimechoka kulisikia hilo, Shangani mpaka Chikongola, mitaa ya Mtwara.

Dungeons & Dragons (mchezo maarufu wa aina hii) ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa na klasi 3, yaani mpiganaji, mchawi na kasisi, na uchawi wake ulikuwa akiba ya siku: unautumia, unapumzika, unaupata tena. Akiba hiyo inamfaa msomi wa vitabu. Nguvu ya mganga si yake. Anafanya kazi na mizimu na majini wenye matakwa yao, wanaokasirika na kudai. Mtungaji akimwondoa mdai, hajatunga mganga.

Kinyago kitoeni mkobani. Mapiko ni ya mchezaji wa ngoma ya Wamakonde, hasa vijana wanapotoka jandoni. Kinachongwa kwa mti mwepesi kwa sababu kinakaa kichwani, na mchezaji huona kupitia mdomo wake. Mkiyapenda, tungeni klasi ya mchezaji ngoma. Mganga apewe tunguri, chetezo, ubani, vitambaa na mizizi.

Sasa deni, badala ya pointi za uchawi. Kila pepo aandikiwe kazi anayoiweza, anachokitaka, mwiko wake, na Deni linaloanzia 0. Ombi dogo, kama kujua nani kapita njia hii, linapandisha deni 1. La kati, kufunga jeraha au kuzindika kambi usiku mmoja, 2. Kubwa, kama kutuliza bahari, 3. Deni likishapanda, tupa dadu 2 za pande 6. Jumla ikizidi deni, pepo anatenda. Isipozidi, anapanda kichwani.

Msiitumie dadu moja ya pande 20 hapa. Kwa dadu hiyo kila pointi ya deni inakata asilimia 5 ileile, na hakuna anayeiona hatari ikija. Kwa dadu 2, deni la 4 linakuachia nafasi ya asilimia 83 kwamba pepo atatenda, la 6 asilimia 58, la 8 asilimia 28, la 10 asilimia 8 tu. Mwanzo mteremko ni mpole, katikati unatumbukia. Deni likifika 6 ndipo wenzake mganga wanaanza kumsihi: muache, usimwombe tena.

Kwenye kupanda kichwani ndiko watungaji wengi wanakoharibu kabisa. Wanaandika "mhusika anapoteza zamu 2", na mchezaji anatoa simu yake. Mtu aliyepandwa na pepo hajazimia! Pepo anaongea, anadai, anakataa. Mchezaji huyohuyo amcheze pepo kwa raundi 3, akifuata jambo moja tu: kile pepo anachokitaka. Kama ni marashi, na mwenzake anayo mfukoni, atayafuata hata katikati ya vita. Kwa hiyo kiwe kitu cha kushikika. Ukiandika "anataka heshima", mwendeshaji wa mchezo hatajua la kufanya na meza itasimama. Andika ubani, kitambaa chekundu, jogoo mweupe. Na mabishano na pepo yasizidi kauli 3 kila upande, la sivyo wachezaji wengine wanageuka watazamaji.

Kulala hakulipi hata deni la 1. Sadaka aliyoitaka pepo inashusha 2. Ngoma inashusha zaidi, ila haipigwi na mtu mmoja: kila mwenzake anayepiga, kuimba au kufukiza ubani usiku kucha anashusha 1, na usiku huo harudishi pointi za uhai. Kupunga pepo ni shughuli ya watu wengi, na kanuni lazima iwaite.

Halafu kuna wanaotaka mganga wa ngazi ya juu ageuze risasi kuwa maji, kwa sababu ya Kinjeketile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya Vita vya Maji Maji. Mnachukua lisilo na faida mezani. Dawa ile ya Ngarambe iliwaunganisha watu wa koo na makabila mbalimbali, tangu Wamatumbi walipong'oa pamba Nandete, huku Kilwa, Julai 1905, na ilikuja na miiko. Basi zindiko liwape wote waliopakwa kinga ya +2, kila mmoja achukue mwiko wake, na mmoja akiuvunja, kinga iwatoke wote. Hapo kundi lina jambo la kulindana.

Sijatulia kuhusu kuuficha mwiko wa pepo. Ukiwa wazi kwa wote unakwepwa kirahisi. Ukifichwa kwa mganga mwenyewe, akiuvunja anaona kaonewa. Kwa sasa naona aujue yeye, wenzake wasiujue. Tatizo jingine linaanza ngazi ya 7: mapepo 3 ni madeni 3, na hesabu inachosha. Kuyajumlisha kunaua wivu kati ya mapepo, na wivu huo ndio utamu wenyewe. Wekeni korosho zenye maganda katikati ya meza za kuhesabia deni, fungu moja kwa kila pepo, na pepo wa tatu asubiri ngazi ya 9.