Je, wajua? Msimamizi mwonevu akifukuzwa papo hapo anaweza kushinda kesi

Chukua kiwanda cha kubangua korosho Mtwara. Msimamizi anamtukana mbanguaji kwa kabila lake, ukumbi mzima unasikia. Mwenye kiwanda anamlipa msimamizi siku zake na kumwonyesha geti jioni ile ile. Wengi tungesema haki imetendeka. Msimamizi akienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30, mwenye kiwanda ana kazi kubwa ya kujitetea.

Kinachopotosha ni imani kwamba kosa likiwa zito na mashahidi wapo, kikao cha nidhamu cha kumsikiliza mtuhumiwa ni kupoteza muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inadai sababu halali na utaratibu wa haki, vyote viwili, na mwajiri ndiye wa kuthibitisha. Sababu hapa ipo: kifungu cha 7 kinahesabu bughudha kwa misingi ya kabila, dini, jinsia, ujauzito au ulemavu kuwa ubaguzi. Kilichokosekana ni utaratibu. Ni sawa na korosho za daraja la kwanza zilizoingia ghalani bila kupimwa wala kukatiwa stakabadhi: ubora wake habishi mtu, ila mkulima hana cha kudai nacho malipo. Kikao ndiyo mizani. Uamuzi wa maandishi ndiyo stakabadhi. Kweli, kasoro ikiwa ya utaratibu tu, fidia huweza kuwa ndogo. Lakini italipwa.

Utaratibu wenyewe umo katika Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Uchunguzi kwanza. Tuhuma zikiwa nzito, msimamizi anaweza kusimamishwa kazi kwa mshahara kamili. Kumhamisha mlalamikaji bila ridhaa yake ni kumwadhibu aliyeonewa. Kisha barua ya tuhuma, kwa lugha anayoielewa mtuhumiwa, na saa zisizopungua 48 za kujiandaa. Hapa ndipo wengi hukwama: barua inatolewa Ijumaa jioni, kikao Jumamosi asubuhi. Au barua inasema “tabia mbaya” tu. Iandikwe: Jumanne, saa 3 asubuhi, kwenye mizani, maneno yenyewe yaliyotamkwa, na nani walisikia.

Mwenyekiti awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Aliyechunguza asije akawa hakimu. Mtuhumiwa aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, awahoji mashahidi, alete wa kwake. Uamuzi utolewe kwa maandishi, na sababu zake.

Si kila ukali ni uonevu. Kuagiza korosho zilizovunjika zichambuliwe upya ni kazi ya msimamizi.

Na mbanguaji? Asiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya mazingira yasivumilike kunaweza kuhesabiwa kuwa ameachishwa, lakini ataulizwa kama alitumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, au alikuwa na sababu nzuri ya kutozitumia. Kwa hiyo alalamike kwa maandishi, nakala mbili, na ile anayobaki nayo igongwe muhuri au isainiwe na aliyepokea, pamoja na tarehe. Malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 60, kwa fomu CMA F.1, mwajiri akipewa nakala yake.