Doa la Kanzu si Ushahidi: Dhana Potofu kuhusu Uchoraji wa Kahawa

Hivi karibuni mteja aliniletea picha ya jahazi iliyochorwa kwa kahawa ili niitilie fremu. Nilipomwuliza angeitundika wapi, alisema ukutani sebuleni, mkabala na dirisha la mashariki, ipate jua la asubuhi. Nilimtahadharisha, naye akanipa jibu ambalo nimelisikia kwa wateja na wanafunzi hadi subira inanipungua: “Mwalimu, kahawa haifutiki. Doa lake likishaingia kwenye kanzu, ndiyo basi.”

Dhana hiyo ina nusu ya ukweli, na ndiyo maana ni vigumu kuing’oa. Ni kweli kwamba rangi ya kahawa hupenya katika nyuzi za pamba na kushikamana nazo, kiasi kwamba maji na sabuni haviitoi kwa urahisi. Hata hivyo, kuyashinda maji ni jambo moja na kuustahimili mwanga ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mwanga hauoshi rangi, bali huvunja molekuli zinazoifanya ionekane. Kanzu yenyewe inathibitisha hilo: mama zetu wakishindwa na doa kwenye nguo nyeupe, huianika juani ingali na povu, na jua hulipunguza doa ambalo mikono ilishindwa kulitoa. Anayetundika picha ya kahawa mbele ya dirisha anaifanyia kazi ya sanaa kile kile ambacho dobi hulifanyia doa.

Hudhurungi ya kahawa hutokana kwa sehemu kubwa na melanoidini, ambazo huundwa wakati sukari na protini za buni zinapokutana na joto la kukaangia. Rangi hiyo huyeyuka majini, tofauti na rangi za udongo mwekundu, ambazo ni chembe za oksidi ya chuma zisizoyeyuka na zisizotishwa na mwanga. Ndiyo sababu michoro myekundu ya miamba ya Kondoa, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ingali inaonekana hadi leo, na ndiyo sababu sikubali mtu aifananishe kahawa na udongo huo kwa kuwa tu zote zina rangi ya ardhi.

Vanishi nayo haiokoi kitu hapa. Ile ya kupuliza huikinga picha dhidi ya vumbi na matone ya maji, lakini mwanga hupita ndani yake kama kawaida, na vanishi ya maji ikipakwa kwa brashi huivuruga kahawa yote. Kioo kinachochuja miale ya urujuanimno hupunguza madhara bila kuyaondoa, kwa kuwa hata mwanga unaoonekana kwa macho hufifisha. Asiyeniamini apake ukanda wa kahawa kwenye karatasi, afunike nusu yake kwa karatasi ya alumini, aubandike dirishani kwa miezi michache, kisha afunue na kulinganisha. Wanafunzi wangu wote hufanya jaribio hilo kabla sijawaruhusu kuuza picha hata moja, na ninawasisitiza waiskani kila kazi siku ile ile inapokauka, rangi ikiwa bado kamili.

Wengine huniuliza kama kahawa ya bei ghali huchora vizuri zaidi. Haichori vizuri zaidi. Ladha ya arabika ya Kilimanjaro haionekani kwenye karatasi, na kahawa chungu ya kwenye dele ni nyepesi mno isipochemshwa ikapungua, tena huacha mashapo. Kahawa ya papo hapo huyeyuka yote, na kijiko kimoja cha chai kwa vijiko viwili vya maji hutoa kivuli kizito cha kutosha.

Kuna pia wanaotia sukari au maziwa ili rangi “ishike”. Sukari huita sisimizi na kuiacha picha inanata, maziwa huleta ukungu, na kwa unyevunyevu wa hapa pwani yote mawili ni maangamizi. Kinachoshikisha rangi ni gundi ya mgunga, ile ile inayotumika katika rangi za maji, na matone machache yanatosha.

Dhana kwamba ukipaka tabaka nene mara moja utapata weusi nayo inaharibu kazi nyingi, kwa sababu tabaka nene hubaki likinata au hupasuka likikauka. Weusi hujengwa kwa tabaka nyepesi, kila moja ikikauka kabisa kabla ya inayofuata, kwani kahawa iliyokwisha kukauka huyeyuka tena ikiguswa na brashi yenye maji. Karatasi ya daftari haihimili kazi hiyo, nayo huwa ya manjano yenyewe hata bila kahawa, kwa hiyo mtu anunue karatasi ya pamba isiyo na asidi, ya gramu 300 kwa mita ya mraba.

Jahazi la mteja yule nimelitilia fremu yenye kioo kinachochuja, na tumekubaliana litundikwe kwenye korido isiyofikiwa na jua. Nyuma ya fremu nimeandika kwa penseli mwezi na mwaka, na ndani ya bahasha nimeambatanisha ukanda wa kahawa ile ile uliokaa gizani, ili baada ya miaka mitano ailinganishe mwenyewe.